Adabu za Kumzuru Mgonjwa Hospitalini



Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.). Wala huruma hiyo haina mipaka ya dini: Bukhari amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikwenda kumtazama kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia.

Uingiapo wodini, toa salamu, keti karibu naye, na sikiliza zaidi kuliko kusema. Usimwambie kuwa maradhi yake ni adhabu. Mpe matumaini na umwombee shifaa. Usikae mno ukamchosha.

Kisha muulize kwa upole kuhusu Swala. Wako wagonjwa waiachao wakidhani kuwa dripu na kitanda vimewazuia, na jambo hilo huwaumiza moyoni kimyakimya. Mfundishe: asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Imran bin Huswayn (R.A.). Maji yakimdhuru, atayamamu.

Ukimfunza hayo mgonjwa mmoja tu, umemrudishia alichodhani amekipoteza.

Wabillahi tawfiq.