Fedha, Sarafu, Chapa: Somo Kutoka kwa Reale za China



Kuna maneno matatu tunayoyatamka kila siku bila kuyatazama. Fedha, kwa asili yake ya Kiarabu, ni madini meupe kabla ya kuwa jina la pesa. Sarafu ina mzizi mmoja na sarf, yaani kubadilishana pesa kwa pesa, mlango wanaoujua wote waliokaa darasa la fiq'hi ya biashara. Chapa imetufikia kutoka Kihindi, nayo ni alama inayogongwa juu ya kitu. Somo la leo linahusu vipande vya madini ambavyo maneno hayo matatu yanakutana juu yake. Mimi huvikusanya, na tangu muhula uliopita wenzangu kadhaa wa bweni wamekuwa wakiniuliza watavipataje.

Vipande hivyo ni reale kubwa za fedha zilizozunguka China katika karne ya 18 na ya 19, zikagongwa alama ndogo ndogo na wafanyabiashara wa huko. Ya kwanza aliniletea mjomba wangu, ambaye husafiri Guangzhou kununua vipuri vya pikipiki anavyouza Kampala. Guangzhou ndiyo mji ambao Wazungu waliuita Canton. Kuanzia 1757 hadi 1842 biashara ya meli za Ulaya na China ilibanwa katika bandari hiyo moja, na hapo ndipo desturi ya chapa ilipokomaa.

Wageni walitaka chai, hariri na vyombo vya kauri. Wachina, kwa upande wao, walikuwa na haja ndogo na bidhaa za Ulaya; walichokitaka zaidi ni fedha. Basi meli zilikuja na reale za Hispania zilizotengenezwa Mexico na Peru, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 27 hivi, na karibu asilimia 90 yake fedha safi. Hizo hata pwani yetu zilifika. Wazee wa Zanzibar na Mombasa waliziita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake ziliwaonekea kama mizinga.

Serikali ya China wakati ule ilitoa sarafu za shaba zenye tundu la mraba katikati. Fedha ilipimwa kwa mizani tu, kwa kipimo cha taeli, ambacho ni gramu 37 na kitu, na taeli ya mji mmoja haikulingana sawasawa na ya mji mwingine. Mfalme wa Hispania hakuwa na amri yoyote Canton, na sura yake juu ya reale ilikuwa pambo. Mwenye duka aliuliza mambo mawili: kipande hiki kina uzito gani, na fedha yake ni safi kiasi gani?

Na wadanganyifu walikuwepo. Wengine walikwangua ukingo. Wengine walitoboa reale ubavuni, wakachota fedha ya ndani, wakajaza madini duni, kisha wakaziba tundu kwa ustadi kiasi kwamba jicho la kawaida halioni kitu. Ndiyo maana nyumba kubwa za biashara ziliajiri mjuzi wa kupima: aliishika reale, akaigonga asikilize mlio wake, akaitazama rangi. Mtu huyo aliitwa shroff. Neno hilo ni sarraf, mbadilisha fedha wa Kiarabu, lililopita India na kwa Wareno hadi likafika China. Hadi leo ukienda Hong Kong kulipia maegesho ya gari, dirisha la malipo limeandikwa Shroff. Kila nikikumbuka jambo hili hustaajabu jinsi neno la vitabu vyetu vya fiq'hi lilivyosafiri mbali kuliko wengi wetu.

Akiridhika, alichukua patasi ndogo ya chuma kigumu yenye herufi au alama ya nyumba yake, akaigonga juu ya reale kwa nyundo. Kwa chapa hiyo aliweka jina la duka lake rehani: ikigundulika baadaye kwamba kipande ni kibovu, mwenye nacho alijua mlango wa kubisha. Lakini duka la pili halikuamini la kwanza moja kwa moja. Nalo lilipima na kugonga chapa yake, na la tatu vivyo hivyo. Reale iliyozunguka miaka mingi ilibonyea katikati ikawa kama kibakuli, maandishi yote yakafutika, na nyingine zikapasuka vipande. Hata vipande havikutupwa, kwa sababu thamani yake ilikuwa mizanini.

Mataifa mengine yakaona faida. Marekani ilitengeneza dola maalumu ya biashara kuanzia 1873 hadi 1878 kwa matumizi ya kawaida, nzito kidogo kuliko reale ya Mexico, na ikaandika uzito na usafi wake juu ya uso wake: punje 420, usafi 900. Waingereza walitoa ya kwao kuanzia 1895, na upande mmoja una maandishi ya Kichina pamoja na ya Kimalei kwa herufi za Kiarabu. Msomaji wetu yeyote aliyepita madrasa anaweza kujaribu kuzisoma. Zote hizo, pamoja na maandishi yake mazuri, ziligongwa chapa vilevile. Desturi ilififia baada ya Guangdong kuanza kutengeneza sarafu zake za fedha kwa mashine mwaka 1889, na mwaka 1935 China ikaacha kabisa fedha kuwa msingi wa pesa yake.

Kwa muda mrefu wakusanyaji waliiona reale yenye chapa kuwa imeharibika, wakailipia kidogo. Siku hizi zinatafutwa, na bandia zimejaa, nyingine zikiwa na chapa za uongo za kuzizeesha. Kwa hiyo mwanafunzi asinunue kwa macho. Chukua mizani ya maabara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ininginize sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini, usome namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Fedha ya usafi wa 900 hutoa karibu 10.3. Shaba iliyochanganywa na nikeli hutoa 8.9 hivi, na shaba ya manjano huwa chini zaidi. Uchakavu hupunguza uzito lakini haubadilishi jibu hili, na ndio uzuri wake.

Halafu itazame chapa kwa kioo cha kukuza. Patasi ya kweli husukuma madini: ukingo wa alama huinuka kidogo, na upande wa pili wa sarafu mara nyingi huwa umebapa mahali pale pale. Ukiona sarafu mbili zenye chapa zile zile mahali pale pale, ujue zimetoka katika kalibu moja.

Sasa hukumu yake, kwani hapa ndipo nimeona wenzangu wakiteleza. Reale hizi ni fedha, hata zikiwa kuukuu. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, inayokadiriwa kuwa gramu 595. Dola moja ya biashara ya Marekani ina gramu 24.5 za fedha safi, hivyo mwenye 25 amefika nisabu, na mwaka ukipita anatoa zaka, ingawa yeye huziita mkusanyo.

Kuhusu kununua, Hadithi ya Ubada bin Samit katika Sahih Muslim inataja aina sita, fedha ikiwemo: zikiwa jinsi moja lazima ziwe sawa na mkono kwa mkono, jinsi zikitofautiana bei ni huru, lakini mkono kwa mkono inabaki. Baraza la Kimataifa la Fiq'hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman cha 1986, liliamua kwamba noti zina hukumu za pesa kamili. Basi kulipa shilingi nusu leo na nusu mwezi ujao kwa reale ya fedha ni kuchelewesha ndani ya sarf. Wapo wanaotaja rai ya Ibn Taymiyya kuhusu mapambo yaliyofuliwa, kwamba kazi ya sonara huyaingiza katika hukumu ya bidhaa. Rai hiyo ni ya mapambo, na reale ilitengenezwa iwe pesa. Mimi siioni ikifika hapa.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Mjomba akisafiri humkabidhi pesa zangu kabla, akawa wakili wangu. Akiona kipande hukipima, hulipa na kukipokea papo hapo. Nikinunua kwa mtu wa hapa Kampala tunakaa pamoja, natuma kwa simu, akithibitisha zimeingia ananipa sarafu kabla hatujaachana. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanahesabu pesa iliyoingia katika akaunti ya muuzaji kuwa amekwisha kuipokea. Na anayetaka kulipa kwa mafungu aweke akiba yake hadi itimie, ndipo anitafute. Wallahu a'alam.