Kuzuia Pancha kwenye Mashine ya Kukata Nyasi ya Kuketi

Kijitabu hiki ni kwa watunza viwanja vya shule, hoteli, hospitali na michezo.

Upepo wa tairi

Fundi pancha wa barabarani amezoea bajaji, pikipiki na daladala. Ukimpelekea tairi la mashine ya nyasi bila maelezo, huenda akalijaza kama la gari. Tairi la gari dogo huchukua PSI 30 hadi 35. Mashine nyingi za kuketi hutaka kama PSI 10 hadi 14, na matairi ya mbele wakati mwingine huzidi hapo kidogo. Fuata kitabu cha mashine. Namba iliyopigwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wake.

Kwa kuwa upepo wenyewe ni mdogo, ukipungua PSI 4 tairi limepoteza karibu theluthi, na kwa macho hutagundua. Likilegea hivyo, ukikata kona kali ukingo wake huachia rimu na upepo wote hutoka mara moja. Kwenye mteremko hilo laweza kupindua mashine. Dalili nyingine huonekana kwenye nyasi: upande mmoja umenyolewa hadi udongo, mwingine umebaki mrefu. Pima matairi kabla ya kulaumu visu.

Pima asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa geji ya upepo mdogo. Ya gari haisomi vizuri huko chini. Jaza kwa pampu ya mkono au ya mguu. Kompresa ya kituo cha mafuta yaweza kupasua tairi dogo kabla hujaangalia geji. Kila valvu iwe na kofia yake.

Kilichomo nyasini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hufanywa kwa reki kabla injini haijawashwa.

Siku ya kupunguza ua wa michongoma ndiyo ya kuogopwa zaidi. Matawi makubwa hukusanywa, vipande vidogo husahauliwa, na wiki ikipita mwiba uliokauka ni mgumu kama msumari. Tandika turubai chini ya ua kabla ya kukata, kisha likunje na takataka zake zote. Aliyekata ndiye aokote. Asimwachie dereva wa mashine. Chini ya migunga piga reki kila mara, hasa baada ya upepo mkali.

Mbigiri ni adui mwingine. Hutambaa chini, ua lake ni la manjano, na tunda lake likikauka huachana vipande vyenye miiba. Kuukata kwa mashine hakusaidii: umelala chini ya visu, na matairi yanabeba mbegu hadi katikati ya uwanja. Ung'oe na mzizi wake kabla haujazaa.

Palipofanyika harusi au mkutano, tafuta vigingi vya hema, misumari, waya na vipande vya chupa. Sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa kwenye fimbo huokota chuma chote ambacho macho yamekiruka. Kioo hakiokoti, kwa hiyo macho bado yanahitajika.

Dawa na tyubu

Dawa ya maji inayotiwa kupitia valvu huziba matundu ya miiba midogo. Haizibi ubavu uliopasuka. Kama tairi hupungua polepole bila tundu, lipake maji ya sabuni kwenye valvu na ukingoni mwa rimu, mapovu yatakuonyesha. Mara nyingi ni kutu ya rimu, ambayo husuguliwa kwa brashi ya waya, au valvu iliyochanika, ambayo hubadilishwa.

Ukiamua kutia tyubu, kwanza papasa ndani ya tairi lote ukiwa umevaa glovu. Ncha ya mwiba iliyobaki itaitoboa siku hiyo hiyo. Matairi yaliyojazwa povu hayapati pancha, lakini ni ghali na mazito. Kwa uwanja wa kawaida hayana ulazima.

Kabla ya kugusa gurudumu, zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi na weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Jeki isimame juu ya ubao, si kwenye udongo laini.

Kiangazi kikiwa kirefu na mashine haitumiki, iweke kivulini, maana jua huchanja mpira, na ipandishe juu ya magogo ili uzito usikae mahali pamoja pa tairi. Kama hakuna magogo, isogeze kidogo kila baada ya wiki chache na uongeze upepo uliopungua.