MAJI CHINI YA MIGUU NDANI YA MOTOKARI: YATOKA WAPI?

Mvua za kwanza zikisha kunyesha Fungurume, mashofere wengi huanza kulalamika jambo moja. Tapi la motokari limelowa upande wa abiria, viatu vyaingia maji, na ndani mwanuka kama nyumba iliyofungwa siku nyingi. Mmoja asema mvua imepita mlangoni. Mwingine atandika tapi la pili juu ya lile la kwanza na kuendelea na safari. Mara nyingi maji hayo si ya mvua hata kidogo. Ni maji ya mashine ya baridi, ile tunayoiita klima, nayo yamekosa njia ya kutoka nje.

Ndugu mfanyakazi, usiseme ni jambo la viatu tu. Tapi lililolowa huteleza, na tapi lililotandikwa juu ya jingine huteleza zaidi. Likisogea mbele na kukunjana chini ya pedali ya freni, shofere akanyaga na pedali haishuki. Fikiri hilo litokee katika barabara ya RN39 kati ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya kamio iliyobeba shaba, na kamio nyingine yaja mbele yako. Tena unyevu wa ndani hupanda na kuganda juu ya kioo cha mbele asubuhi ya baridi, shofere asione njia. Chini ya tapi hupita nyaya za umeme, na katika motokari nyingi za siku hizi viunganisho vyake vimo humo humo. Vikishika kutu, taa na vyombo vingine huanza kufanya matata ambayo fundi atatafuta chanzo chake wiki nzima.

Maji yazaliwa namna gani

Toa chupa ya bia ndani ya friji, uiweke mezani siku ya mvua. Baada ya dakika chache chupa yote yatoka jasho. Bia haikupenya kioo. Ni hewa yenye unyevu iliyogusa kitu cha baridi, na unyevu wake ukageuka matone. Klima yafanya vivyo hivyo. Nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria mna kifaa cha mabomba membamba na mapezi ya aluminiamu, kinachoitwa evaporateri. Gazi ya klima hupita ndani yake na kukifanya baridi sana. Ventilateri husukuma hewa juu yake, hewa hupoa, na maji hutiririka hadi kwenye beseni dogo lililo chini. Kutoka hapo mpira mfupi hupitisha maji katika ukuta wa chuma unaotenga motere na kabini, yakadondoka chini ya motokari.

Kwa hiyo matone ya maji safi chini ya motokari iliyosimama si ugonjwa. Mama akiona kidimbwi uani baada ya baba kurudi kazini asiwe na hofu. Hofu ianze siku ambayo klima imefanya kazi saa nzima katika hewa ya mvua na chini hakuna hata tone.

Kwa nini kwetu mpira huo huziba? Kwa sababu ya majira yetu. Tangu mwezi wa tano hadi wa tisa hatupati mvua. Hewa ni kavu, klima hutoa maji kidogo sana, lakini vumbi ni jingi mno, hasa katika njia za mgodi na za vijijini. Vumbi hilo laingia na hewa, lashika juu ya evaporateri na kulala ndani ya beseni miezi mitano. Mvua inaporudi, hewa yajaa unyevu, maji yaanza kutiririka, na lile vumbi lageuka udongo laini kama wa kufinyangia chungu. Udongo huo ndio kizibo. Wakati mwingine ni majani makavu, au mdudu aliyejenga kiota cha udongo katika ncha ya mpira.

Kwanza ujue ni maji gani

Usianze kazi kabla ya kutambua. Vaa glavu, chukua kitambaa cheupe, ukandamize juu ya tapi.

Kitambaa kikilowa maji yasiyo na rangi wala mafuta, na kulowa kumeanza upande wa abiria klima ikiwaka, hayo ni maji ya klima. Kama tapi hulowa siku ya mvua hata klima ikizimwa, tafuta mpira wa mlango au wa kioo.

Kitambaa kikionyesha rangi ya kijani, nyekundu au buluu, kikawa na utelezi na harufu tamu, hayo ni maji ya radiateri. Kipasha-joto cha kabini kimetoboka. Usionje kamwe ili kuhakikisha. Dawa inayotiwa katika maji ya radiateri kwa kawaida ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa. Motokari hiyo isitembee, kwa sababu motere ikiishiwa maji itaungua.

Na ukikuta umajimaji wa mafuta upande wa shofere, chini ya pedali, simamisha motokari papo hapo. Huenda ni mafuta ya freni. Hapo habari ya klima imekwisha, ita fundi wa freni.

Kuzibua

Motokari ya kampani ipelekwe garaji ya kampani. Shofere aandike kasoro katika kitabu chake asiguse kitu. Maelezo haya ni kwa mwenye motokari yake nyumbani, na kwa fundi anayemsaidia.

Simamisha motokari mahali pa tambarare. Zima motere, toa ufunguo, vuta freni ya mkono, zuia magurudumu kwa vibao. Ngoja bomba la moshi lipoe, maana mara nyingi liko karibu na mpira tunaoutafuta. Motokari ndefu kama Land Cruiser waweza kuifikia bila kuinyanyua. Ikiwa lazima kunyanyua, kriki peke yake haitoshi, hata kwa dakika moja: weka viegemeo vya chuma vilivyo imara kabla ya kuingiza kichwa. Matofali hayafai, hupasuka kwa ghafula. Watu wamekufa chini ya motokari zao wenyewe kwa kazi ndogo kuliko hii.

Tafuta mpira mfupi unaotoka katika ukuta wa chuma, upande wa abiria. Vaa miwani ya kazi na usikae moja kwa moja chini yake, kwa maana beseni likijaa huweza kutoa lita nzima ya maji machafu usoni. Bonyeza ncha ya mpira kwa vidole mara kadhaa. Mara nyingi hiyo yatosha: donge la udongo hudondoka na maji hufuata. Kama halitoki, ingiza kipande cha waya laini wa plastiki, polepole, sentimeta chache tu. Waya wa chuma usitumie. Ukisukuma sana wafika kwenye evaporateri, aluminiamu ni laini, na tundu moja litakumalizia gazi yote. Hewa ya kompresere ya garaji nayo ina nguvu kupita kiasi. Yaweza kuchomoa mpira ndani ya sanduku au kurusha matope nyuma juu ya evaporateri. Afadhali kuvuta uchafu kwa mashine ya kufyonza.

Mabomba ya gazi yenyewe usiyafungue kamwe. Gazi ikitoka huganda na kuunguza ngozi na macho kama moto.

Baadaye washa motere mahali pa wazi, si ndani ya garaji iliyofungwa, klima ikiwa katika baridi kuu. Siku ya unyevu, baada ya dakika kumi na tano hivi matone yaonekane chini.

Kuna mafundi wa kando ya barabara wanaotoboa sakafu ya motokari kwa msumari ili maji yapite. Hiyo si dawa. Tundu hilo litaingiza vumbi la njia na moshi wa motere, na ndani ya moshi huo mna gazi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, inayolaza mtu bila yeye kujua. Vivyo hivyo mpira usikatwe: ncha yake imetengenezwa ili maji yatoke na uchafu usiingie.

Kukausha ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayosahauliwa. Chini ya tapi mna sponji nene inayokunywa maji kama tambara. Juu yaonekana pakavu, chini ni kinamasi. Inua tapi, toa sponji, anika juani mpaka ikauke kabisa. Ikiachwa, huota ukungu, na ventilateri yawapulizia watoto ukungu huo usoni. Mtoto mwenye pumu akikohoa kila apandapo motokari, angalia chini ya tapi kabla ya kununua sirupu ya pili. Maji ya klima pia yasinywewe wala yasitiwe katika betri, hata yakionekana meupe. Yameosha vumbi la barabara zetu, na sote twajua vumbi hilo limebeba nini.

Ili vumbi lisijae upesi, kagua filtri ya kabini kabla ya mwezi wa kumi, ikiwa motokari yako inayo, maana nyingine hazina. Njiani, penye vumbi zito funga kilango cha hewa ya nje, lakini ukisha kupita kifungue tena. Watu watano wakipumua hewa ile ile muda mrefu, usingizi humshika shofere.

Wenzetu wa mashine kubwa nao wahusika. Katika kabini ya eskavateri maji haya hulowesha sakafu na kufuata ngazi, na kwa buti zenye matope ni rahisi kuteleza kutoka juu sana. Shuka ukiitazama mashine, viungo vitatu vikishika kila wakati, na uripoti maji hayo kwa shefu kabla ya kumkabidhi mwenzako wa zamu.

Kama mpira umezibuliwa na matone yaonekana nje, lakini tapi lalowa tena maji safi, basi sanduku la evaporateri limepasuka au mpira umechomoka upande wa ndani. Hapo lazima kisanduku cha mbele kifunguliwe, na kazi hiyo ni ya fundi wa klima mwenye vyombo vyake. Mpaka siku hiyo zima klima, fungua vioo, na uondoe tapi lote la upande wa shofere.