SOMO: Kuenda kuvua samaki na batoto kando ya Ziwa Kivu

Ndugu wanamemba, siku ya mapumziko mnaweza kupeleka jamaa kuvua. Sambaza, aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, anavuliwa usiku kwa mtumbwi, wavu na taa. Anayeanza abaki kando ya maji na ndoano, atafute tilapia.

1. Fasi. Hapa kwetu kuna mazuku: gazi inayotoka katika mawe ya volkano. Haionekani, ni nzito kuliko hewa, basi inalala mashimoni na mabondeni, kama upande wa Bulengo na Sake. Mutoto ni mufupi, kwa hiyo inamufikia mbele ya mukubwa. Chagueni fasi ya wazi yenye upepo, na muulize wenyeji kwanza.

2. Saa. Usiku na asubuhi mapema ndiyo hatari zaidi. Ngojeni jua lipande. Mukiona ndege ama mbuzi amekufa shimoni, rudini. Mutu akianguka humo, usishuke kumufuata, utaanguka pia. Ita watu, mumuvute kwa kamba.

3. Vyombo. Mwanzi, uzi, ndoano ndogo, na nyungunyungu wa shambani kwa chambo. Chandarua hapana: kinamaliza samaki wadogo.

4. Ulinzi. Kivu inashuka gafula, hatua chache tu kutoka inchi kavu. Kila mukubwa alinde batoto wawili, si zaidi.

Ya kuzungumza katika kikundi: Fasi gani za mazuku munajua? Nani ataziwekea alama?