Kungoja Lenzi Mpya
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wengi wameniuliza kwa nini Chama chetu cha Wapiga Picha kiligawanyika muhula uliopita kwa ajili ya lenzi moja. Nitaeleza, lakini kwanza yafaa tujue kamera isiyo na kioo ni kitu gani.

Ndani ya kamera za zamani mna kioo kilichokaa mshazari nyuma ya lenzi. Kazi yake ni kuupeleka mwanga juu, ili mpiga picha aone kile kinachoonwa na lenzi. Akibonyeza kitufe, kioo huinuka na mwanga hupita hadi kwenye filamu, au kwenye kihisi, yaani kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Kwa kuwa kioo kinahitaji nafasi, lenzi hukaa mbali. Katika kamera za Nikon za namna hiyo, zilizoanza mwaka 1959, umbali kutoka pale lenzi inapofungwa hadi filamu ni milimita 46.5. Mwaka 2018 zilitoka Nikon Z 6 na Z 7 zisizo na kioo, na umbali huo ukawa milimita 16 tu. Canon nao mwaka huo huo walishuka kutoka milimita 44 hadi 20.

Je, lenzi ya zamani itafaa katika kamera mpya? Ukiifunga moja kwa moja itakuwa karibu mno na kihisi, na sura itakuwa na ukungu. Basi toa 16 katika 46.5, utapata 30.5. Ukiweka katikati pete inayoongeza milimita 30.5, lenzi hurudi mahali pake pa haki. Kinyume chake hakiwezekani, kwani lenzi mpya haiwezi kusogezwa ndani ya kamera ya zamani. Kioo kimeziba njia.

Kwa sababu hiyo watengenezaji walianza upya. Nikon walianza na lenzi tatu tu za Z, wakatangaza orodha ya zitakazofuata. Lakini orodha ni ahadi, si lenzi. Orodha ya mwaka 2019 ilitaja lenzi ya vitu vya mbali, ya milimita 200 hadi 600. Ilitoka mwaka 2023, tena ikiwa ya 180 hadi 600. Mwanafunzi aliyeanza Kidato cha Kwanza mwaka 2020 alikuwa Kidato cha Nne ilipotoka!

Sasa nirudi kwenye chama chetu. Tulipewa Z 6 na mwanafunzi wa zamani, pamoja na lenzi ambayo tundu lake kubwa kabisa ni f/4. Mchana inatosha. Usiku, katika midahalo ukumbini, picha zilikuwa giza au zilitikisika. Tulikuwa na akiba kidogo. Mimi nilishika upande wa kungoja lenzi mpya iliyo nyepesi na rahisi, nikasema subira huvuta heri. Kijana wa Kidato cha Pili akasimama akauliza, "Kaka, mahafali yenu ni Oktoba. Lenzi hiyo itafika Oktoba?" Sikuwa na jibu. Wengine wakacheka, wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa na lenzi yake ya zamani ya milimita 50, f/1.8. Tulipiga hesabu: gawanya 4 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata karibu 5. Maana yake mwanga unaoingia ni mara tano. Picha iliyohitaji sehemu ya 20 ya sekunde sasa yahitaji sehemu ya 100, na mkono wa msemaji hauachi kivuli. Tukanunua pete. Hasara yake ni kuwa lenzi hiyo haina mota ndani, na pete nayo haina; hivyo twalenga sura kwa kuzungusha kwa mkono. Picha nyingi za kwanza ziliharibika, lakini za mdahalo wa mwisho zimebandikwa ubaoni nje ya maktaba.

Siwakatazi wadogo zangu kutumaini lenzi mpya. Zitakuja, nanyi mtazitumia. Lakini kabla ya kungoja, ulizeni kwanza kazi yenyewe ni lini. Mahafali yetu hayatarudiwa.