INCHI KUBWA, SHAMBA DOGO
Somo juu ya watu wa Misri na mashamba yao

1. Maji yanayotoka kwetu

Walimaji wa Rutshuru na wa Mahagi wanaona kila mwaka maji ya mvua yakishuka milimani na kuingia mitoni. Maji ya mto Rutshuru yanaingia katika ziwa Edward. Kutoka huko yanapita mto Semliki hata ziwa Albert, na kutoka ziwa Albert yanaingia mto Nili, yanakwenda kaskazini. Mengi yanapotea njiani, katika mabwawa makubwa yenye mafunjo ya Sudan Kusini, kwa kuwa jua linayakausha. Mengine yanafika Khartoum, na huko yanakutana na maji mengi zaidi yanayotoka milima ya Ethiopia. Kisha mto unaendelea katikati ya jangwa hata kufika Misri.

Sisi tunayaacha maji hayo yapite, kwa kuwa tuna mvua. Watu wa Misri hawana mvua. Mto ule ndio mvua yao, ndio kisima chao, ndio shamba lao. Tutazame namna wanavyokaa, na namna walivyozidi, kwa sababu jambo lao ni fundisho kwa kila mlimaji.

2. Inchi ya Misri

Misri ni inchi kubwa: ina kilometa za mraba karibu 1,000,000. Mtu akisikia hesabu hii atafikiri kwamba kila mtu wa Misri anaweza kupata shamba kubwa. Sivyo. Karibu inchi yote ni mchanga na mawe. Katika mji wa Kairo mvua ya mwaka mzima ni milimeta 25 hivi. Kwetu mvua moja ya jioni inaweza kuleta maji mengi kama hayo. Katika Aswan, upande wa kusini, miaka inaweza kupita bila mvua ya kuhesabika.

Tazameni ufagio wenye mpini mrefu. Mpini ni bonde la Nili, toka Aswan hata Kairo. Ni refu sana, lakini mahali pengi upana wake haufiki kilometa 20, na pengine ni kilometa chache tu. Nyuzi za ufagio ni Delta, mahali mto unapogawanyika karibu na bahari, nako udongo ni mweusi na mzuri sana. Nje ya ufagio huo kuna Fayum na mahali pachache jangwani penye chemchemi, kama Siwa, Kharga na Dakhla.

Watu zaidi ya 90 katika 100 wanakaa katika ufagio huo, na wanajaza sehemu 5 au 6 hivi tu katika sehemu 100 za inchi. Jimbo la Wadi Jadidi, lililo jangwani magharibi, ni zaidi ya sehemu 40 katika 100 za Misri yote. Lakini watu waliohesabiwa humo mwaka 2017 hawakufika 250,000. Katika Delta, mtu akisimama katika kijiji kimoja anaona kijiji cha pili na cha tatu bila kutembea.

Basi fahamuni neno hili la kwanza: ukubwa wa inchi si ukubwa wa shamba. Shamba ni mahali udongo na maji vinapokutana.

3. Hesabu ya watu

Watu wa Misri wamehesabiwa mara nyingi, nasi tunaweza kuona namna walivyoongezeka:

Mwaka 1897: milioni 9 na nusu na zaidi kidogo.
Mwaka 1927: milioni 14.
Mwaka 1947: milioni 19.
Mwaka 1960: milioni 26.
Mwaka 1986: milioni 48.
Mwaka 2006: milioni 72 na nusu.
Mwaka 2017: karibu milioni 95.

Mwezi wa pili wa mwaka 2020 walifika milioni 100. Hapo zamani ilikuwa kazi ya miaka 50 kuzidisha watu mara mbili, toka 1897 hata 1947. Nyuma yake miaka 40 haikutimia, nao wakazidi mara mbili tena na nusu.

Sababu yake si kwamba wanawake walianza kuzaa zaidi kuliko bibi zao. Zamani walizaa wengi, na wakazika wengi. Kipindupindu cha mwaka 1947 kiliua watu karibu 20,000. Kisha ikaja chanjo, ikaja dawa, maji safi yakafika vijijini, na watoto waliokuwa wakifa wadogo wakaanza kukua. Hilo ni jambo la furaha. Hakuna mzazi anayetaka kurudi kwa siku zile za kuzika. Lakini mtoto aliyepona atataka chakula, na akikua atataka shamba.

4. Je, mashamba yaliongezeka?

Ndiyo, yaliongezeka, nayo kazi ilikuwa kubwa. Zamani walimaji walingoja mto ufurike mara moja kwa mwaka. Maji yakishuka, walipanda katika matope, wakavuna mara moja. Kisha walijenga kuta za kuzuia maji na mifereji mingi, kusudi maji yapatikane miezi yote. Ukuta wa kwanza wa Aswan ulimalizika mwaka 1902. Ukuta mkubwa zaidi ulianzwa mwaka 1960, ukamalizika mwaka 1970. Sasa shamba moja linaweza kutoa mavuno mawili, na pengine matatu, katika mwaka mmoja: ngano au majani ya ng'ombe wakati wa baridi, kisha pamba, mpunga au mahindi wakati wa joto.

Lakini kila faida ilikuwa na bei yake. Matope mazuri yaliyoletwa na mto, yaliyokuwa mbolea ya bure, sasa yanabaki nyuma ya ukuta. Mlimaji anapaswa kununua mbolea. Maji yakikaa katika udongo bila kutoka, chumvi inapanda juu na mimea inadhoofika; kwa hiyo walipaswa kuchimba mifereji mingine ya kutoa maji. Konokono wa mifereji walieneza ugonjwa wa bilharzia. Na watu wa Nubia, karibu 50,000, walihamishwa miaka ya 1963 na 1964, kwa kuwa ziwa jipya lilifunika vijiji vyao na makaburi ya babu zao.

Sasa tulinganishe. Watu wa Misri wanapima shamba kwa feddan. Feddan moja ni ari 42, yaani haifiki nusu ya hekitari. Mwaka 1897 mashamba yalikuwa feddan karibu milioni 5. Siku hizi ni karibu milioni 9. Basi mashamba hayakuzidi hata mara 2, lakini watu walizidi karibu mara 10. Kama mashamba yote yangegawanywa sawasawa, mtu wa mwaka 1897 angepata ari 21 hivi. Mtu wa mwaka 2017 angepata ari 4 tu.

5. Shamba linavyogawanywa

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana feddan 10. Mke wake amekwisha kufa. Ana watoto 6: wana 4 na binti 2. Kwa sheria ya Waislamu mwana anapata fungu mara mbili ya binti. Basi kila mwana anapata feddan 2, kila binti feddan 1.

Mmoja wa wana hao anakaa juu ya feddan zake 2. Naye anabaki mjane, anazaa wana 3 na binti 2, kisha anakufa. Kila mwana anapata nusu ya feddan, na kila binti robo.

Babu alikuwa na feddan 10. Mjukuu ana nusu moja. Nusu ya feddan ni shamba la meta 70 kwa meta 30. Mjukuu si mvivu. Analima vizuri kuliko babu yake, anapanda mbegu nzuri, anatia mbolea. Lakini shamba lile haliwezi kulisha mke na watoto. Anakwenda kutafuta kazi Kairo, na kwa sababu hiyo mji ule na miji inayouzunguka ina watu zaidi ya milioni 20.

Serikali ya Misri ilijaribu kusaidia. Mwaka 1952 ilitoa sheria kwamba mtu mmoja asiwe na feddan zaidi ya 200, na mashamba ya matajiri yakagawiwa maskini. Wengi walipata haki kwa njia hiyo. Lakini kugawanya shamba si kuzaa shamba.

6. Nyumba zinazokula shamba

Mwana akioa anataka nyumba. Atajenga wapi? Jangwani hakuna maji wala njia. Basi anajenga penye shamba la baba yake. Jirani anafanya vilevile. Nyumba moja inakula meta chache tu, nayo haionekani kuwa hasara. Nyumba elfu zinakula kijiji kizima. Tena watu walichimba udongo mweusi wa juu kwa kufanya matofali, hata ilipofika miaka ya 1980 sheria ikakataza. Mwaka 2011, wakati wa machafuko ya serikali, watu wengi walijenga mashambani usiku na mchana, kwa kuwa hakuna aliyewazuia.

Udongo ule mto uliuleta kwa maelfu ya miaka. Saruji inaufunika siku moja, nao haurudi.

Mtu atauliza: Jangwa ni kubwa, kwa nini wasihamie huko? Wanajaribu. Walijenga miji mipya jangwani, kama ule wa Kumi la Ramadhani ulioanzwa mwaka 1977. Wanalima mchanga pembeni mwa Delta, na kazi ya Toshka upande wa kusini ilianzwa mwaka 1997. Lakini mchanga bila maji ni mchanga tu. Kwa mapatano ya mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan, fungu la Misri ni meta za ujazo milioni 55,500 kwa mwaka. Mwaka 1960 fungu hilo lilikuwa zaidi ya meta 2,000 kwa kila mtu. Mwaka 2017 halikufika 600.

Kwa hiyo inchi iliyolisha Roma kwa ngano yake zamani, sasa ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa ngano duniani. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1977 serikali ilitaka kupandisha bei za vyakula. Watu wakajaa barabarani kwa hasira, wengine wakafa, na bei zikarudishwa.

Wazazi nao wamefikiri. Mwaka 1980 mwanamke mmoja alizaa watoto 5 na zaidi. Mwaka 2008 walikuwa 3. Mwaka 2014 walipanda kuwa 3 na nusu. Mwaka 2021 hawakufika 3. Lakini vijana waliokwisha kuzaliwa ni wengi, na kila mmoja atataka nyumba yake.

7. Neno kwa mlimaji

Kwetu kuna mvua, na inchi yetu haifanani na Misri. Lakini katika milima ya Kivu na ya Ituri mashamba yanagawanywa vilevile, na nyumba zinajengwa penye udongo mzuri vilevile. Basi fanyeni haya:

Jengeni nyumba penye mawe au udongo mbaya. Udongo mweusi uachieni mimea.
Zuieni udongo usishuke na mvua. Pandeni majani na miti kwa kukingama mlima.
Pimeni shamba lenu kwa hatua, mhesabu watoto, mgawanye. Hesabu hiyo ifanyeni sasa, mume na mke pamoja, wakati mzee yu hai na shamba ni moja.
Mtoto asiyeweza kupata shamba afundishwe kazi nyingine mapema.

Maulizo

1. Kwa sababu gani inchi kubwa inaweza kuwa na shamba dogo?
2. Toka 1897 hata 2017 watu wa Misri walizidi mara ngapi? Na mashamba?
3. Ukuta wa Aswan ulileta faida gani, na hasara gani?
4. Baba ana feddan 6, wana 2 na binti 2, wala hana mke. Kila mmoja atapata ngapi?
5. Katika kijiji chako, nyumba mpya zinajengwa juu ya udongo gani?