Nenosiri Kwanza, Barua Baadaye: Kuilinda Seva ya Barua Pepe ya Jumuiya

Somo hili ni la ndugu wa idara ya mawasiliano na yeyote atakayekabidhiwa seva ya barua pepe ya jumuiya yake. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha niliyoielewa mwenyewe.

Kwa nini tuulize nenosiri?

SMTP, kanuni inayotumika kupeleka barua pepe, iliandikwa mwaka 1982. Kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache, na kanuni haikumtaka mtumaji ajitambulishe. Njia rasmi ya kumtambua iliongezwa mwaka 1999. Seva inayopokea barua ya yeyote na kuipeleka popote hugunduliwa haraka na watuma barua taka. Wakishaitumia, anwani yake huingizwa kwenye orodha za kuzuiwa. Hapo hata barua ya kweli ya katibu, inayomwombea ndugu ada kwa mfadhili, hurudishwa au huishia kwenye kapu la taka. Mwenye ada anafungiwa mtihani, wala hajui kwamba chanzo ni seva.

Nani anafanya nini?

Natumia mfano wa Debian au Ubuntu, pamoja na programu mbili: Postfix na Dovecot. Postfix hutuma na kupokea barua. Dovecot humfungulia mtu sanduku lake. Postfix haikagui nenosiri yenyewe. Tutaiagiza imuulize Dovecot.

Hatua ya 1: Funika njia

Nenosiri hutumwa likiwa limegeuzwa kwa base64. Usidhani huo ni ulinzi. Neno "siri" linakuwa c2lyaQ==, na kompyuta yoyote hulirudisha kama lilivyokuwa. Kwa hiyo pata kwanza cheti cha TLS (Let's Encrypt hutoa bure), kisha kwenye /etc/postfix/main.cf onyesha cheti na ufunguo wake kwa smtpd_tls_cert_file na smtpd_tls_key_file. Ongeza:

smtpd_tls_auth_only = yes

Maana yake: nenosiri halipokelewi mpaka njia ifunikwe.

Hatua ya 2: Dovecot afungue dirisha

Kwenye /etc/dovecot/conf.d/10-master.conf, ndani ya service auth, weka:

unix_listener /var/spool/postfix/private/auth {
  mode = 0660
  user = postfix
  group = postfix
}

Hilo ndilo dirisha ambalo Postfix itapitishia swali lake.

Hatua ya 3: Postfix ajue pa kuuliza

Rudi main.cf:

smtpd_sasl_type = dovecot
smtpd_sasl_path = private/auth
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination

Mstari wa mwisho husomwa kwa mpangilio: waliomo kwenye mynetworks wapite, waliothibitishwa wapite, wengine wasitume nje. Angalia sana mynetworks. Iache na 127.0.0.0/8 na [::1]/128 tu. Ukiingiza mtandao wote wa chuo, kila aliyeshika Wi-Fi ya bweni atatuma kwa jina la jumuiya bila kuulizwa chochote.

Hatua ya 4: Mlango wa 587

Mlango wa 25 ni wa seva kwa seva. Wanachama watumie 587. Kwenye master.cf ondoa alama ya # mbele ya mstari unaoanza na submission, na chini yake, kila mstari ukianza kwa nafasi, weka:

  -o smtpd_tls_security_level=encrypt
  -o smtpd_sasl_auth_enable=yes

Kisha washa upya zote mbili: systemctl restart dovecot postfix.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kutangaza

Jaribu nenosiri kwa doveadm auth test jina. Halafu, ukiwa nje ya seva, andika:

openssl s_client -quiet -starttls smtp -connect jina-la-seva:587

Andika EHLO jaribio. Ukiona 250-AUTH PLAIN, mlango unauliza. Sasa, bila kutoa nenosiri, jaribu kutuma kwa anwani ya nje kwa mail from na rcpt to. Jibu sahihi ni 554, "Relay access denied". Usiruke jaribio hili. La kwanza linaonyesha kwamba mwenye haki anaingia, na hili linaonyesha kwamba asiye na haki anazuiwa.

Baada ya hapo

Mitambo hii yote haifai kitu ikiwa Amiri, katibu na mhazini wanatumia nenosiri moja lililobandikwa ukutani ofisini. Kila mmoja awe na akaunti yake. Debian ikiachwa ilivyo, Dovecot hutumia nenosiri la mtumiaji wa Linux, kwa hiyo uongozi ukibadilika unamfungia anayeondoka kwa passwd -l jina, wengine wakiendelea na kazi. Weka pia Fail2ban, iwazuie wanaobahatisha nenosiri mara kwa mara, na usome kumbukumbu za barua kila wiki.

Seva ni amana ya jumuiya. Siku ya makabidhiano, pamoja na daftari la fedha na funguo za ofisi, orodha ya wenye akaunti nayo isomwe mbele ya wote, na waliomaliza muda wao wafungiwe siku hiyo hiyo.